Vitabu na Filamu za Zamani kwa Nyumba Yenye Watoto wa Rika Tofauti

Swali: Mama wa watoto watatu, wenye miaka 5, 9 na 13, ananiomba nimtajie vitabu na filamu za zamani zilizo safi, ambazo familia nzima inaweza kuzisoma na kuzitazama pamoja bila mzazi kukaa roho juu huku kashika rimoti. Anasema mumewe anaamini kwamba chochote cha zamani ni salama, ilhali wiki chache zilizopita walilazimika kuzima katuni ya zamani katikati kwa sababu mdogo alilia mpaka usingizi ukamruka. Anauliza pia afanyeje kwa kuwa watoto wake hawakijui Kiingereza kiasi cha kusoma vitabu hivyo wenyewe.

Jibu: Dada yangu, nianze na mumeo, kwa sababu imani yake ni ya wazazi wengi ninaokutana nao katika kazi yangu ya ukutubi wa watoto, nayo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba katika kazi nyingi za zamani hutakuta matusi wala mambo ya chumbani, na kwamba waandishi wa enzi hizo walijua kulipitisha jambo zito nyuma ya mlango uliofungwa. Hata hivyo uchafu una sura nyingi. Hugh Lofting alipotoa hadithi ya kwanza ya Dakta Dolittle mwaka 1920, yule tabibu anayezungumza na wanyama, alimweka humo mwanamfalme wa Kiafrika aitwaye Bumpo, ambaye kiu yake kubwa ni kupewa dawa ya kuugeuza uso wake uwe mweupe ili apendwe na binti wa hadithini. Matoleo ya baadaye yaliiondoa sehemu hiyo, lakini ya kale bado yanazunguka, na mzazi anayenunua kwa kuangalia jalada hawezi kujua ameshika lipi. Roald Dahl naye, katika kitabu chake cha kiwanda cha chokoleti cha mwaka 1964, aliwafanya wafanyakazi wa kiwanda kuwa mbilikimo waliotolewa msituni Afrika, na ilibidi maelezo hayo yabadilishwe mwaka 1973. Hakuna tusi hata moja katika kurasa hizo, na bado nisingempa mtoto azisome peke yake.

Tena vipo vitabu vya zamani ambavyo tangu mwanzo havikuandikiwa watoto, ila vimeingia kwenye rafu yao kwa sababu vina majitu na visiwa. Jonathan Swift alipochapisha safari za Gulliver mwaka 1726 alikuwa anawasema wakubwa wa nchi yake. Ukichukua toleo kamili ukadhani ni kisa cha vijitu vya Liliputi tu, jiandae kumweleza mtoto wako wa miaka 9 kwa nini Gulliver anauzima moto wa kasri la malkia kwa kuukojolea. (Watoto, kwa uzoefu wangu, hupenda mahali hapo kuliko kwingine kote, wanaotahayari ni wazazi.)

Sasa upande wa pili, ambao ndio umekuliza wewe na mwanao. Wazazi wengi wakisema kitabu safi humaanisha kitabu kisicho na kifo, hofu wala huzuni. Kipimo hicho kingetuondolea karibu kila kazi bora iliyowahi kuandikwa kwa watoto. Kipimo ninachotumia mimi ni kutazama kama matendo ndani ya hadithi yana uzito: anayekufa analiliwa, anayesema uongo anaonekana akihangaika nao, anayemwumiza mwenzake anakutana uso kwa uso na maumivu aliyoyasababisha. Filamu ambayo watu mia moja wanaanguka kwa risasi na hakuna hata mmoja anayezikwa inanitia shaka zaidi, hata kama haina tone la damu, kuliko hadithi ya kiumbe mmoja anayekufa na kuacha pengo.

Mfano wangu wa kwanza siku zote ni Charlotte's Web, kitabu cha E. B. White kilichotoka mwaka 1952. Kinaanza asubuhi, meza ikiandaliwa, na msichana mdogo, Fern, anamwuliza mama yake baba anakwenda wapi na shoka. Anakwenda kumwua mtoto wa nguruwe aliyezaliwa dhaifu kuliko wenzake. Fern anatoka mbio, anaishika shoka ile kwa mikono yake na kumwuliza baba kama angemwua yeye pia iwapo angezaliwa mdogo. Ukurasa wa kwanza, na tayari mtoto anayesikiliza ameelewa kwamba kuna jambo la haki hapa. Baadaye nguruwe yule anaokolewa na buibui jike, Charlotte, anayefuma maneno kwenye utando wake, na karibu na mwisho Charlotte anakufa peke yake kwenye uwanja wa maonyesho uliokwisha kuhamwa na watu. Nilipowasomea kikundi cha watoto sura hiyo kwa mara ya kwanza, msichana mmoja wa miaka kama 7 alinyosha mkono akaufunika ukurasa kwa kiganja chake ili nisiendelee. Nilisubiri. Baada ya kitambo aliutoa mwenyewe, akasema, "Soma, lakini polepole." Mtoto wako wa miaka 9 yuko tayari kwa kitabu hiki, wa miaka 5 atakifurahia hadi katikati, kisha wewe utapima. Zipo familia zinazosita kwa sababu shujaa ni nguruwe, na hilo ni la kila nyumba kuamua.

Kwa mdogo wako ningeanza na Winnie-the-Pooh, hadithi za A. A. Milne za mwaka 1926, kwa sababu kila sura inasimama peke yake, inasomeka kwa kikao kimoja, na balaa kubwa humo ni dubu kukwama kwenye mlango wa sungura kwa sababu ya kula asali kupita kiasi. Ukiangalia vizuri utaona kwamba wanyama wale wana tabia za watu unaowafahamu: mwoga, mjuaji, mwenye kununa. Mtoto wa miaka 13 anayejifanya amekua atasikiliza akiwa mlangoni, na usimfukuze.

Kwa wa miaka 9 ongeza Heidi, kitabu cha Johanna Spyri wa Uswisi kilichotoka kwa sehemu mbili mwaka 1880 na 1881. Wengi wanakumbuka milima, mbuzi na babu mkali anayelainika, lakini mahali ninapopapenda mimi ni pale Peter, mchunga mbuzi, kwa wivu wake, anapokisukuma kiti cha magurudumu cha Clara kikaporomoka mlimani na kuvunjika vipande. Hakuna aliyemwona. Tangu siku hiyo Peter haishi, anajificha tu, kila mgeni anamdhania askari aliyekuja kumkamata, hadi bibi yake Clara anapomkalisha chini na kumweleza jinsi mtu aliyefanya baya anavyobeba ndani yake kitu kinachomchoma kila anapodhani kimelala. Sijapata kuona somo la dhamiri lililofundishwa kwa ustadi zaidi ya hapo. Ila nikuonye kwamba kitabu hiki kina mahubiri mengi, na msomaji wa sauti anaweza kuruka aya hapa na pale bila dhambi.

Pinocchio, kisa cha kikaragosi cha mbao, ni jambo jingine. Carlo Collodi alianza kukitoa kwa mfululizo katika gazeti la watoto la Italia mwaka 1881, na katika mpango wake wa kwanza kikaragosi yule alikufa akining'inia kwenye mti wa mwaloni, hadithi ikaisha. Wasomaji walilalamika, naye akaendelea hadi mwaka 1883. Mwana wa kitabuni ni mkorofi kuliko yule wa katuni ya Disney ya mwaka 1940; yule nyenje anayemshauri anarushiwa nyundo na kufa mapema kabisa. Katuni imelainisha mengi, lakini ile sehemu ya kisiwa cha raha, ambapo wavulana wanageuka punda mmoja baada ya mwingine wakilia kuwaita mama zao, imewanyima usingizi watoto wengi. Sijui kama ndiyo mliyoizima ninyi, ila singeshangaa. Isubirishe hadi mdogo afike miaka 7 au 8.

Kijana wako wa miaka 13 anahitaji kitu chenye meno. Mpe Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883. Kuna mauaji, kuna ulevi, na kuna Long John Silver, mwenye mguu mmoja, ambaye ni mcheshi, mkarimu, mpishi hodari, na mwuaji. Jim, kijana wa umri wake, anampenda mtu huyu mpaka usiku anapokuwa amejificha ndani ya pipa la matufaa na kumsikia akipanga maasi kwa sauti ileile tamu anayomsemesha yeye. Kwa mtoto anayekaribia umri wa kuchagua marafiki bila kukuuliza, sura hiyo moja ina faida kuliko mihadhara kumi. Mwishoni Silver anatoroka na mfuko wa fedha. Msiharakishe kupita hapo. Mwulize kijana kama alitaka akamatwe, nawe utajua mengi kutokana na jibu lake. To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, ya mwaka 1960, ningeichelewesha mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa kesi iliyo katikati yake ni ya mtu aliyesingiziwa ubakaji, na mzazi lazima awe tayari kulizungumza hilo waziwazi.

Nije kwenye filamu, ambako makosa hutokea haraka zaidi, kwa kuwa kitabu kinamruhusu mtoto kuchora joka kwa ukubwa anaoumudu, lakini filamu inamletea joka lililokwisha kuchorwa. Usitegemee sana zile herufi zinazobandikwa kwenye filamu za Marekani. Mfumo wake ulianza mwaka 1968, na daraja la PG-13, linalowaonya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, liliongezwa mwaka 1984 tu. Kwa hiyo filamu iliyopewa PG, yaani mzazi amwongoze mtoto, kabla ya hapo inaweza kuwa nyepesi kama unyoya au nzito kuliko unavyodhani. Filamu ya Planet of the Apes ya mwaka 1968 ilipewa herufi G, yaani yafaa kwa watu wote, na mtoto wako wa miaka 5 hataielewa hivyo.

Wala neno katuni lisikupe imani. Tarehe 16 Aprili 1988 kampuni ya Ghibli ya Japani ilitoa kwa siku moja filamu mbili za kuchorwa. Moja ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, ambayo nikilazimishwa kubaki na filamu moja tu ya watoto, nitabaki nayo. Nyingine ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, juu ya kaka na dada wanaokufa kwa njaa wakati wa vita. Ni kazi kubwa, na ni ya kijana mkubwa aliyekaa karibu na mzazi. Zote mbili zimechorwa kwa upole uleule, na mtu akizichagua kwa picha za jalada anaweza kuangukia isiyo yenyewe.

Totoro haina adui hata mmoja. Dada wawili wamehamia nyumba ya shamba na baba yao, mama yuko hospitalini, na msituni kuna dude kubwa lenye manyoya linalolala sana. Hofu iliyomo ni ile mtoto yeyote anaijua: mama atapona au hatapona? Mei, mdogo wa miaka 4, anasikia habari mbaya, anakumbatia hindi moja bichi analoamini litamponya mama, na kuondoka peke yake kwa miguu kuelekea hospitali asikokujua. Mdogo wako ataogopa kidogo hapo, na ni hofu njema, kwa sababu kijiji kizima kinatoka kumtafuta. Ina urefu wa dakika 86.

Kwa kuwa lugha ni tatizo, usiku wa kwanza ningeweka The Red Balloon ya Albert Lamorisse wa Ufaransa, ya mwaka 1956. Ni dakika 34 na karibu haina maneno. Mvulana anafuatwa na puto jekundu kama mbwa anavyomfuata mwenyewe katika mitaa ya Paris. Wavulana wakorofi wanalipiga puto mawe, na linasinyaa chini taratibu mbele ya macho yetu. Nimewaona watu wazima wakigeuza nyuso zao. Kisha maputo yote ya jiji yanakuja, nami sitamaliza kukusimulia. Kwa njia hiyohiyo The Kid ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1921, bado inachekesha ingawa imepita miaka mia moja. Maandishi machache yaliyomo utawasomea wewe.

Iko moja ambayo ningependa muitazame ninyi nyote watano: Children of Heaven ya Majid Majidi wa Irani, ya mwaka 1997. Ali anapoteza viatu vya mdogo wake Zahra alivyokuwa amevipeleka kushonwa, na kwa kuwa nyumbani hakuna fedha, watoto wale wanaamua kumficha baba na kupokezana jozi moja ya raba. Zahra anavaa asubuhi, anatoka shule mbio, wanabadilishana uchochoroni, Ali naye anakimbia asichelewe. Siku moja raba moja inamponyoka Zahra ikaingia mfereji wa maji, na dakika zile anazoifukuza zinatia wasiwasi kuliko magari yanayolipuka. Baadaye Ali anaingia mashindano ya mbio ambayo mshindi wa tatu atapewa raba. Anachotaka ni nafasi ya tatu tu. Anashinda ya kwanza, analia, na watu wazima wanadhani ni machozi ya furaha. Filamu haina jambazi, na baba ni mkali lakini anawapenda. Mkimaliza, waulize kama watoto wale walifanya vibaya kuwaficha wazazi. Nyumbani kwangu mjadala huo ulidumu siku mbili na hatukukubaliana.

Kirikou et la Sorcière ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998, yenye muziki wa Youssou N'Dour, inafaa kuanzia miaka 6 au 7. Kitoto kilichozaliwa leo kinauliza swali ambalo kijiji kizima hakijauliza: kwa nini mchawi Karaba ni mbaya? Jibu ni mwiba wenye sumu uliopigiliwa mgongoni mwake. Ujue mapema kwamba watoto humo wako uchi na wanawake wako vifua wazi, kama walivyochorwa kuishi kijijini, bila dalili yoyote ya uchafu. Mbele ya wakwe au wageni huenda ukapenda kuwaeleza kwanza. Kwa kijana wako na ninyi wazazi, mdogo akishalala, tazameni 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957: karibu yote iko ndani ya chumba kimoja, ambamo raia kumi na wawili wameitwa kuamua kesi ya mauaji; kumi na mmoja wanataka kumtia kijana hatiani, na mmoja anasema tuzungumze kwanza. The Sound of Music ya mwaka 1965 ni nzuri, ila inakaribia saa tatu. Igawe siku mbili.

Kuhusu vitabu na lugha, msikae mkisubiri Kiingereza. Alice ya Lewis Carroll ina tafsiri ya Kiswahili tangu mwaka 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, na nyingine mpya zaidi. Kisiwa cha Stevenson kilitafsiriwa zamani kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Na The Little Prince ya Saint-Exupéry ni Mwana Mdogo wa Mfalme. Alfu Lela Ulela isomwe katika toleo lililopunguzwa kwa ajili ya watoto, kwa kuwa kisa kinachobeba visa vyote humo kinaanza na usaliti wa ndoa na mfalme anayewachinja wake zake. Zaidi ya tafsiri, tuna chetu: Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ambamo Adili analazimika kila usiku kuwachapa viboko manyani wawili ambao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, na kila kiboko kinamwumiza yeye mwenyewe. Kiswahili chake ni kizito kwa mtoto, kwa hiyo kisomwe kwa sauti na mtu mzima, na neno gumu lielezwe papo hapo bila kugeuza jioni kuwa darasa.

Kabla ya kuwapa chochote, kionje mwenyewe, na usionje mwanzo. Mianzo yote ni mpole. Katika kitabu soma sura ya kwanza kisha ruka hadi theluthi ya mwisho. Katika filamu nenda moja kwa moja kwenye robo ya mwisho, kwa kuwa hapo ndipo mwenye kisa anapotoa alichokuwa akikificha.

Na mdogo akilia tena, usizime kwa haraka ukamwambia ni uongo tu, wala usisogeze picha mbele kimyakimya, maana mtoto anayepelekwa kulala na hadithi iliyokatwa kwenye hofu ataimalizia mwenyewe gizani, na mwisho atakaoubuni ni mbaya kuliko wa mtunzi. Simamisha picha, washa taa, mpakate, mwulize ni nini hasa kimemwumiza. Mara nyingi atakutajia kitu ambacho wewe hukukiona kabisa. Kisha mwambie hadithi inaishaje, yote, pamoja na nani anapona na nani haponi. Baada ya hapo mwache yeye aseme kama muendelee usiku huu, kesho, au akiwa mkubwa kama kaka yake.